Vitabu vya picha vya kuhesabu kwa vina: kwa nini tunatafsiri wakati tunaweza kutunga?

Mwl wa Awali (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mods mkiona uzi huu unafaa jukwaa lingine hamisheni tu, sina neno.

Nafundisha darasa la awali, shule ya umma, mkoani. Kila Januari napokea watoto wanaoimba moja hadi ishirini bila kukwama, na mzazi amesimama mlangoni kifua mbele. Mtoto akishatulia namwekea rundo la vizibo vya soda mkekani, namwambia "nipe vitatu". Anachota konzi nzima ananikabidhi huku anatabasamu. Huyo hajui kuhesabu, anajua wimbo.

Mwaka 1978 watafiti wawili waliofanya kazi Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, waliandika kitabu kinachoeleza mtoto anatakiwa ashike nini ili tuseme anahesabu. Kwa lugha yetu ya darasani ni hivi: kila kitu kipate namba moja tu, wala kisirukwe, namba zifuatane kwa mpangilio ule ule kila siku, na namba ya mwisho kutajwa ndiyo jibu la "vingapi". Walitaja na mengine, ila hayo matatu ndiyo ninayopambana nayo mimi. La tatu ndilo gumu. Mtoto anagusa vizibo, moja, mbili, tatu, nne. Unamuuliza "haya, vipo vingapi?" Anaanza upya: moja, mbili, tatu... Kwake "nne" ni jina la kile kizibo cha mwisho, bado haijawa idadi ya vyote.

Sasa nije kwenye vitabu. Kitabu kizuri cha picha chenye vina kinasaidia sana hapo, kwa sababu mtoto anaweza kubashiri neno kabla hujalisema. Shida yangu ni kwamba vingi ninavyoletewa ni tafsiri. Na tafsiri ya kitabu cha kuhesabu inaharibika pale pale penye kazi.

Angalieni. Kiingereza namba inatangulia jina la kitu. Kwa hiyo mshororo wao kwa kawaida unaishia kwenye jina, na kina kinaangukia kwa paka au kofia. Kwetu namba inafuata jina: vikombe vitatu, watoto wawili. Mshororo ukiisha, umeishia kwenye namba yenyewe. Yaani kina na namba vinakutana mahali pamoja bila mtunzi kutoa jasho. Nasoma mshororo wa kwanza, naanza wa pili, nanyamaza kabla ya neno la mwisho, na darasa zima linapasuka "VITATU!" Kina kimewapa fununu, picha imewapa ushahidi.

Mtafsiri yeye akishabanwa na mpangilio wa Kiingereza anaizika namba katikati ya mshororo, halafu mwishoni anachomeka "sana" na "jamani" ili vina vitimie. Watoto wanamalizia "SANA!" kwa nguvu zote. Tumejifunza kuhesabu au tumejifunza kusema sana?

Kingine ni ngeli. Namba zetu zinavaa nguo ya kitu kinachohesabiwa: mayai mawili, miti miwili, viti viwili, watu wawili, meza mbili. Lakini sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kamwe. Mtoto lazima asikie yote hayo mapema, la sivyo anakwambia "watoto wasita". Hivyo unapochagua uchore nini ukurasa wa tatu, umechagua na ngeli. Tafsiri haina habari na hilo.

Nimeanza kutunga changu. Nimefika hapa:

Kuku wangu anangoja,
ametaga yai moja.

Bibi ametoka mbali
na wajukuu wawili.

Nani kaacha viatu?
Navihesabu: vitatu!

(Nne bado sina.)

Nyosha nione mkono,
vidole vyako vitano.

Siafu anapopita,
anayo miguu sita.

Leo amerudi baba
na maembe yake saba.

Pweza njoo tukuone,
una mikono minane.

Kuku katotoa sasa
vifaranga wake tisa.

(Kumi nimegonga mwamba.)

Karibuni mchambue. Msinionee huruma.

Kiti Cha Mbele

Nimeweka mkeka, ngoja wataalamu waje.

Babu Wa Ferry

Pweza kwenye kitabu cha watoto? Sisi tunamjua kwenye supu saa mbili usiku. Mwalimu angalia usije ukaulizwa maswali magumu na wazazi.

Mwl wa Awali

Babu wa Ferry, mtoto wa miaka mitano hana habari na supu yako. Nimemchagua kwa sababu mikono yake ni minane kweli, na kila anayepita sokoni feri kamwona. Sikutaka kuchora nane ya kubuni, mipira minane au maputo minane. Siafu hivyo hivyo, mdudu ana miguu sita iwe mvua iwe jua.

Mama Wawili

Mwalimu hongera. Mimi wangu yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, ana miaka minne na nusu. Anahesabu Kiingereza mpaka thelathini. Juzi bibi yake kamtuma "niletee vitunguu tisa", akabaki anamkodolea macho. Bibi kaniangalia mimi, sio mtoto. Sasa nauliza, nikianza kumsomea na Kiswahili sitamchanganya?

Mwl wa Awali

Dada, hutamchanganya. Akishashika kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote, hiyo anahama nayo kutoka lugha moja kwenda nyingine, kinachobaki ni majina. Na kuna mahali Kiswahili kinamrahisishia: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Anaiona kumi, anaona na kilichozidi. Kiingereza pale kwenye kumi na moja na kumi na mbili wana maneno yamesimama peke yake, hayamwambii mtoto kitu kuhusu kumi. Sisi mtihani wetu unakuja kwenye ishirini, thelathini, arobaini, hayo tuliyatoa kwa Waarabu pamoja na sita, saba na tisa, inabidi yakaririwe tu.

Ila bibi naye apewe nafasi yake. Vitunguu tisa kwa mkono wake ni somo tosha.

Vizibo Tu

Sisi tulihesabia vizibo, vijiti na mbegu za maembe, na leo tunahesabu mishahara (japo haifiki kumi). Vitabu vya picha ni mambo ya wazungu. Mtoto apewe vihesabio basi.

Mwl wa Awali

Vihesabio ninavyo ndoo mbili na sitaviacha. Kizibo kinampa mtoto kitu cha kushika, lakini hakimpi sababu ya kutaka kujua ni vingapi. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza "mwalimu, vizibo vingine viko wapi?"

Sina Tungo Mbovu, Mombasa

Ndugu mwalimu, assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa mashairi, nimepita hapa kwa bahati nikavutwa na hizo beti.

Kwanza mizani. Nimehesabu kwa vidole, mishororo yako ina silabi nane nane. Hongera, wengi wanaodai kutunga kwa ajili ya watoto hupuuza hilo, wakadhani vina vinatosha. Mtoto hupiga makofi, na makofi hayasamehe mizani iliyozidi.

Pili vina. Katika ushairi wetu silabi ya mwisho ikilingana, kina kimetimia. Hata kwa "mbali" na "wawili", hakuna wa kukulaumu. Lakini sikio la mtoto lataka zaidi ya hapo. Soma "viatu" na "vitatu", "baba" na "saba", "anapopita" na "sita". Hizo zimeshikana silabi ya mwisho pamoja na irabu iliyo kabla yake, mtoto atazidaka mara moja. Kisha soma "mkono" na "vitano". Kina kipo ila ni chembamba. "Sasa" na "tisa" vivyo hivyo. Si kosa, ila hapo usitarajie darasa lipasuke kwa nguvu ile ile.

Tatu, tahadhari. Nne na nane zote zaishia kwa "ne". Ukinyamaza kabla ya neno, kina chaweza kumpeleka kwa yoyote kati ya hizo mbili. Picha ndiyo itakayokata shauri, kwa hivyo picha ya hapo isiwe na utata hata chembe.

Kumi ina kina adimu. "Mi" haina jamaa wengi: mimi, ulimi, uvumi. Uvumi si wa watoto. Nakupa hii bure:

Hivi vyote vyangu mimi,
vidole kamili kumi.

Tayari vidole vitano umeshavitaja, sasa mtoto aweke mkono wa pili. Tano na tano atazipata bila kufundishwa kujumlisha.

Mwl wa Awali

Waaleikum salaam mzee wangu. Nimeichukua ya kumi na shukrani juu. Hilo la nne na nane sikuwa nimeliona kutoka upande huo, nitalifanyia kazi na mchoraji.

Penseli HB

Umeniita. Mimi nachora, nimeshachora vitabu vya watoto kadhaa kwa wachapishaji, na kwenye kuhesabu ndiko wachoraji tunakoharibu. Niseme ninayoyajua.

Kitu cha kuhesabiwa kisikatwe na ukingo wa karatasi. Kisijifiche nyuma ya kingine. Ukichora embe limefunikwa nusu na jani, mtoto mmoja atalihesabu, mwenzake ataliacha, na wote watakuwa sahihi. Pweza ndiye atakayenitesa, mikono yake hupenda kupishana. Nitamtandaza kama amelala juu ya mchanga, mikono minne kulia, minne kushoto, na kila ncha ionekane. Hapo na lile tatizo la "ne" limekwisha, kwa sababu mwenye kuona minne atakuwa ameona upande mmoja tu, na wenzake watamzomea.

Vitu vitatu vinaonekana kwa jicho bila kuhesabu, hata mtu mzima haguswi na haja ya kusema moja mbili tatu. Vikishafika saba jicho linashindwa. Kwa hiyo kurasa za mwanzo naweza kutawanya vitu nipendavyo, ila kuanzia sita navipanga. Saba ziwe safu ya nne na safu ya tatu. Tisa tatu tatu tatu. Kidole cha mtoto kinahitaji njia ya kupita. Vifaranga wakizagaa uwanja mzima, hakumbuki ameanza na yupi.

Jambo la tatu ni vitu vya ziada. Wachapishaji wanapenda picha ijae. Ukurasa wa viatu vitatu wanataka niongeze kuku wawili, ndoo, paka na mawingu matano. Mtoto ataanza kuhesabu mawingu. Mimi huwa nabishana nao: mandhari iwepo, lakini kinachohesabika kiwe kimoja tu.

Na kurasa. Kijitabu cha kupigwa pini kinakwenda kwa kurasa zinazogawanyika kwa nne. Namba kumi, kila moja ikikaa kurasa mbili zinazotazamana, ni kurasa 20. Chukua 24: ya 1 jina la kitabu, ya 2 habari za mchapishaji, ya 3 mtoto aandike jina lake, kisha 4 na 5 kwa kuku, na kuendelea hadi 22 na 23 kwa vidole. Inabaki ya 24 iko wazi. Fikirini cha kuweka, msiniwekee tangazo.

Mtu wa Baridi

Salaam kutoka Marekani, niko huku na watoto wawili. Kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili nilichokikuta maktaba ya mtaani ni Moja Means One cha Muriel Feelings, picha za Tom Feelings. Kilitoka 1971 na mwaka uliofuata michoro yake ikatambuliwa kwenye tuzo ya Caldecott, ile ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto, si mchezo. Picha ni nzuri mno, zimejaa heshima kwa watu wetu. Lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, na Kiswahili kilichomo ni namba moja hadi kumi. Wala hakina vina, hakikuandikwa kwa shabaha hiyo. Kiliandikwa ili mtoto wa Marekani mwenye asili ya Afrika aijue Afrika, na kazi hiyo kinaifanya.

Wanangu wamezijua namba kupitia hicho. Tatizo likaja nilipomwambia mkubwa "leta vijiko vinne". Akaniuliza "vinne ndio nini?" Anaijua nne. Vinne hajawahi kukutana naye. Nikasoma uzi huu nikasema kumbe!

Mwl wa Awali

Mtu wa Baridi, umenisaidia kuliko unavyodhani. Kuna watu waliniambia nje ya uzi kwamba habari za ngeli ni za darasa la tano. Hapana. Mtoto anayekua nyumbani kwenye Kiswahili anazisikia jikoni kila siku. Asiyezisikia jikoni, kitabu ndicho kitamsikilizisha.

Nina Swali

Mkuu, kuku wa ukurasa wa kwanza ametaga yai moja. Huko mbele katotoa vifaranga tisa. Wengine wanane ni wa nani?

Kiti Cha Mbele

😂😂😂 Kesi imefika kwa mjumbe.

Babu Wa Ferry

Muulizeni jogoo.

Mwl wa Awali

Alikuwa anaanza tu kutaga. Kuku hatagi yote siku moja, wafugaji mliopo humu mnajua. Na ninataka mtoto aulize swali hilo hilo, kwa sababu kulijibu inabidi arudi ukurasa wa kwanza aangalie. Penseli HB, unaweza kuongeza yai moja nyuma ya picha kila ukurasa? Bila maandishi, pembeni kabisa.

Penseli HB

Nimetoka kusema kinachohesabika kiwe kimoja, nawe unaniomba mayai ya ziada. Nitayachora kwenye kiota kona ya chini, madogo, mistari tu bila rangi. Ukurasa wa tisa kiota kiwe na maganda. Zaidi ya hapo tutagombana.

Mama Wawili

Wakuu nimerudi. Nilinakili beti kwenye daftari la michoro, nikachora mwenyewe (msiulize ubora), nikamsomea mdogo usiku.

Yai, sawa. Wajukuu, sawa, akasema mmoja ni yeye. Nikafika "Nani kaacha viatu? Navihesabu..." nikanyamaza kama mwalimu alivyosema. Hakujibu. Anaangalia picha, anagusa kimoja kimoja. Mara ananiambia "mama, kimoja kimepotea". Hakusema vitatu! Nikamuuliza "kwa hiyo viko vingapi?" akasema "vitatu, lakini kimoja kimepotea." Akashuka kitandani kwenda kuangalia viatu vyake mlangoni. Kulala kukawa kugumu.

Mwl wa Awali

Dada, rudia kusoma ulichoandika. Alipoulizwa vingapi hakuanza upya moja, mbili. Alikuwa na vitatu mkononi, na anajua vilitakiwa viwe vingapi. Mimi hapo nakaa na vizibo wiki nzima.

Sasa ukurasa wa nne umejiandika, lazima kiatu kipatikane. Mzee wa Mombasa, nisaidie.

Sina Tungo Mbovu, Mombasa

Mwizi wa viatu yuajulikana kila mji:

Mbwa kaja na kingine,
sasa viatu vinne.

Pana watakaosema mbwa asiingie nyumbani. Aishie kizingitini, na kiatu mdomoni.

Penseli HB

Kizingitini sawa. Lakini kiatu cha mdomoni nacho kihesabike, msije mkasema nimechora vitatu.

Vizibo Tu

Nakubali kidogo. Kidogo tu. Ila nani atachapisha? Vitabu hivi vikishatoka vinauzwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaona bora anunue daftari na unga.

Mwl wa Awali

Hilo ni la kweli, sitakupinga. Nimeona njia mbili. Moja ni kupeleka kwa mchapishaji na kusubiri. Kwenye vitabu vya watoto Dar es Salaam haijaanza leo, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa 1991, na wachapishaji Mkuki na Nyota nao walianza mwaka huo huo. Nyingine ni kukiweka wazi mtandaoni kwa leseni huria, kama hadithi za African Storybook, mtu yeyote apakue, achapishe, hata atafsiri kwenda lugha yake. Mimi naelemea hiyo ya pili, kwa sababu darasani kwangu ninachohitaji kwanza ni nakala moja kubwa ya kubandika ukutani wote waione. Nakala ndogo za kwenda nazo nyumbani zitafuata. Penseli HB ndiye mwenye jasho la picha, uamuzi ni wake kama wangu.

Anayetaka kukitafsiri kwa Kisukuma au Kimakonde namwomba kitu kimoja: asinifuate mimi. Aangalie lugha yake inaiweka wapi namba, na atunge kutokea hapo.

Penseli HB

Leseni huria sina shida, mradi jina langu libaki. Bado ukurasa wa 24 uko wazi.

Mama Wawili

Sifuri je? Huku shuleni kwao sifuri wanaipata mwanzo, mtoto anaona duara tu, hajui ni ya nini.

Mwl wa Awali

Mwanzo haieleweki kwa sababu hakuna kilichokwisha. Ikija mwishoni, baada ya kitu kuliwa, inaeleweka. Yale maembe saba ya baba bado yapo?

Sina Tungo Mbovu, Mombasa

Hayapo.

Kapu lenyewe ni zuri,
ndani maembe sifuri.

Penseli HB

Imeingia. Ukurasa wa 24: kapu tupu, kokwa saba chini, na wajukuu wawili midomo ya njano. Naanza na pweza Jumamosi.

Babu Wa Ferry

Akikushinda kumchora mlete huku, mikono yote minane itahesabiwa na kulipiwa.